Mwenyekiti Aliyekuwa Kaburini

Paukwa!

Pakawa!

Sivyo. Mmeitika kama watu waliogongewa mlango na mdai. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Na wewe uliyejinyoosha, kunja miguu. Ngano ya leo ina kikao ndani yake, na mimi sipendi mtu anayesinzia kikaoni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kampuni na watu hata neno lenyewe hawajalisikia, palikuwa na ukoo wa mhanga. Mhanga mnamjua? Yule mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe, anayekula mchwa. Hakuna mnyama anayemshinda kuchimba. Basi baba yao akachimba chini ya mlima, akachimba, akachimba, mpaka mashimo yakatosha kupangisha. Ngiri akapanga. Nungunungu akapanga. Hata Kicheche akapanga, ingawa kila mtu alilalamikia harufu yake. Kodi walilipa kwa chakula: vichuguu vilivyobomolewa tayari, mizizi, matango pori. Ukoo ukashiba.

Mzee alipoona nguvu zinamwishia, akawaita wanawe watatu. Wa kwanza Semboja, mwenye sauti kubwa. Wa pili Mgaza, aliyekubali kila alichoambiwa na Semboja. Wa tatu Kilua, mbishi lakini mchapakazi. Akawaambia, kampuni nawaachieni hisa tatu, kila mtu na yake, na kila hisa ina kazi yake. Semboja milango. Mgaza vyumba. Kilua mifereji ya kutoa maji.

Kisha akawawekea masharti mawili. La kwanza, mtu asitie kucha katika kazi ya mwenzake bila ruhusa, maana aliwajua wanawe: wakichimba pamoja, palipo pazuri kila mmoja husema kachimba yeye. La pili, neno haliwi neno mpaka wenye hisa wote watatu wawe mkekani, maana alijua pia kwamba ndugu wawili wakikutana humla wa tatu. Wakapiga alama zao za kucha ukutani, alama tatu, na Kinyonga akafanywa katibu. Alikuwa katibu mzuri sana Kinyonga. Rangi yake siku zote ilikuwa ya yule aliyesema mwisho.

Mzee akafa. Wakakaa, wakakaa. Kiangazi kimoja, Kilua yumo mferejini na mkewe Bi. Mwatime wanazoa tope, nyoka kifutu akamgonga. Jua halikutua, Kilua akawa maiti. Kaka zake wakamzika kwa mikono yao wenyewe. Semboja alilia mpaka wapangaji wakaja kumshika. Alilia vizuri, tusimnyime haki yake.

Bi. Mwatime akabaki na watoto wawili wadogo, kucha zao hata kuparua kichuguu haziwezi. Chakula chao kilitoka katika hisa ile. Chumba walicholala kilikuwa cha hisa ile. Ikipotea hisa, watoto wanalala nje, na nje kuna fisi. Basi akaenda kwa shemeji zake, akaomba alama ya Kilua ifutwe, yeye apige yake kwa ajili ya watoto, na mifereji aendelee kuisafisha kama alivyokuwa akiisafisha na marehemu.

Semboja akamwambia asiwe na haraka, matanga kwanza yaishe, watu watasemaje. Bi. Mwatime akangoja, matanga yakaisha.

Akarudi. Semboja akamwambia alete uthibitisho kwamba Kilua amekufa. Bi. Mwatime akamkumbusha kuwa kaburi alilichimba yeye Semboja. Semboja akasema ni kweli, yeye kama kaka alizika, lakini kampuni haikuzika. Kampuni haina habari. Mjane wa watu akaenda kumleta Ngiri aliyebeba jeneza, akamleta na Nungunungu aliyeshuka kaburini, wakashuhudia wote wawili.

Akarudi mara ya tatu. Safari hii Semboja alijitia huruma.

"Shemeji," akasema, "hisa haihami mpaka mwenye hisa mwenyewe aje aifute alama yake kwa kucha yake, mbele ya katibu. Ndio utaratibu."

"Mwenyewe amekufa, shemeji."

"Hapo ndipo penye ugumu. Na sisi tunakuonea uchungu."

Mgaza akatikisa kichwa kwa huzuni. Kinyonga naye akawa na rangi ya huzuni. Bi. Mwatime akauliza, basi walau mifereji aisafishe, masika yasije yakaikuta imeziba? Wakamkataza kabisa. Kazi ile ina mwenyewe, na mzee alikwisha sema mtu asitie kucha katika kazi ya mwenzake.

Mnacheka. Ngojeni kwanza.

Hazikupita siku nyingi, wale ndugu wawili wakataka kukutana, wakakumbuka sharti la mzee, kwamba mpaka watatu wawe mkekani. Mgaza akasema labda wamwite yule mwanamke. Semboja akamtazama kama unavyomtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Akamuuliza, alama ya Kilua iko ukutani au haiko? Iko. Basi asiyefutwa yupo. Wakaenda wakachukua kofia ya marehemu, wakaiweka mkekani mahali pake. Kinyonga akahesabu: Semboja, Mgaza, Kilua. Wametimia.

Kikao cha kwanza kikasema fungu la chakula la Kilua litunzwe na kaka zake mpaka mambo yakae sawa. Kinyonga akauliza kama Kilua anapinga. Kofia ikasemaje?

Ikanyamaza!

Kinyonga akasema hapingi, limepita. Na chakula wakakitunza kweli, wakakitunza tumboni.

Kikao cha pili kikasema chumba cha Bi. Mwatime apewe Kicheche, ambaye familia yake imeongezeka, na mjane ahamie kule juu mlimani kwenye mawe. Kinyonga akauliza kama Kilua anapinga. Kofia?

Ikanyamaza!

Mnaona mambo hayo. Alipokuwa hai, Kilua alibishana hata na mvua. Alipokufa akawa mwenye hisa mwema kupita wote, akamtoa mkewe na wanawe nyumbani bila kufungua kinywa. Bi. Mwatime akabeba watoto, akapanda mlima. Alichimba kwenye changarawe mpaka kucha zikatoka damu. Aliposhindwa alikaa chini akamlaumu Kilua kwa kufa, kisha akajuta kumlaumu, kisha akachimba tena. Watoto walishinda na mizizi michungu, na kila walipouliza lini watarudi kwao aliwaambia walale.

Kikao cha tatu ndicho kilichowavunja mbavu wapangaji. Kampuni ilitaka mwenyekiti. Semboja akajitaja. Mgaza, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumkatalia nduguye, safari hii akakataa, naye akajitaja. Wakabishana, wakatukanana, wakatoleana mambo ya utotoni ambayo siwezi kuyasema mbele ya wakwe zangu. Mwisho wakaona heri apatikane mtu wa kati, asiye na upande, asiye na adui pale mkekani. Wakamchagua Kilua. Kinyonga akamuuliza mteule kama anakataa. Kofia?

Ikanyamaza!

Basi ikatangazwa kuwa Mwenyekiti Kilua amepokea cheo kwa unyenyekevu. Na Kinyonga akawaeleza watu huko nje kwamba hotuba ya mwenyekiti ilikuwa fupi na kila mmoja aliifurahia.

Sasa masika yakaingia. Mvua haijui mwenye hisa wala asiye na hisa. Maji yakateremka mlimani, yakafika kwenye mifereji, yakaikuta imejaa tope na majani tangu siku ile ya kifutu. Yakageuka, yakaingia mlangoni. Ngiri akaamka tumbo liko majini, akaenda kulalamika. Semboja akamwambia kazi yake yeye ni milango, na milango ni mizima kabisa, hata maji yanapita bila taabu. Mgaza akasema yake ni vyumba. Nungunungu akauliza, mifereji je, ya nani? Wakajibu kwa pamoja, ya mwenyekiti.

Na hakuna aliyethubutu kuigusa. Semboja aliogopa akitia kucha pale, Mgaza atasema ametwaa hisa ya marehemu. Mgaza aliogopa hivyo hivyo. Wakabaki wanalindana huku maji yanawafika magotini.

Yalipowafika tumboni, Mgaza akakimbilia mlimani. Akamkuta Bi. Mwatime na wanawe, wamekonda lakini wakavu. Akamsihi kwa jina la undugu ashuke akazibue, kwani yeye peke yake ndiye aliyejua mifereji inakopita. Bi. Mwatime akawaambia watoto wasitoke, akashuka naye.

Wapangaji wote walikuwa nje wameloa chapachapa. Bi. Mwatime hakumtazama Semboja. Alimgeukia Kinyonga.

"Katibu, kwenye vikao vyenu mume wangu alikuwepo?"

Kinyonga akaangaza huku na huku, ajue nani amesema mwisho. Aliyesema mwisho ni Bi. Mwatime. Akasema alikuwepo.

"Alikubali chakula cha wanangu kichukuliwe?"

Kinyonga akasema alikubali.

"Alikubali tutolewe chumbani?"

Kinyonga akasema alikubali, tena bila kinyongo.

"Basi mwiteni aje azibue mfereji wake. Mimi sina hisa hapa, mmeniambia wenyewe. Mtu aliye na nguvu za kunifukuza mimi hatakosa nguvu za kuzoa tope."

Wapangaji wakaangua kicheko, na baridi yao ile. Semboja hakucheka. Alijitosa ndani majini, akaenda mpaka ukutani, akaifuta alama ya Kilua kwa kucha yake mwenyewe. Hakungoja matanga. Hakuuliza mashahidi. Hakumtafuta marehemu aje na kucha yake. Jambo lililoshindikana tangu kiangazi likaisha kabla mtu hajapiga chafya. Akatoka anahema.

"Shemeji," akasema, "Kilua amekufa. Hisa ni yako. Shuka uchimbe."

Hapo Bi. Mwatime akaangua kilio. Ngiri akadhani analia kwa furaha, akampongeza. Masikini, alikuwa anamlilia mumewe. Ndiyo kwanza siku hiyo ndugu zake wamekubali kwamba amekufa, na wamekubali kwa sababu ya kuogopa kulowa.

Alipomaliza akajifuta machozi, akamuuliza shemeji yake, "Hisa ya nini?"

Maana nyuma ya Semboja chumba kikubwa kilikuwa kinaporomoka. Kikafuata cha pili. Kikafuata cha Kicheche, Kicheche akatoka mbio na wanawe kinywani. Alama za ukutani zikawa tope, ya Semboja tope, ya Mgaza tope. Kofia ya Kilua ikatoka inaelea, ikapita mbele yao, ikashuka bondeni. Nungunungu akasema hiyo ndiyo ziara ya kwanza ya mwenyekiti.

Wapangaji hawakungoja kikao. Walimfuata Bi. Mwatime mlimani, wakamsaidia kuchimba, na tangu hapo kodi waliilipa kwake. Watoto wakala, wakanenepa, kucha zikakomaa. Semboja na Mgaza nao walipanda, wamejikunyata. Aliwapokea, maana ni baba wakubwa wa wanawe na mvua ilikuwa inanyesha. Lakini Semboja alipouliza mkeka uko wapi na yeye atakaa upande gani, Bi. Mwatime alimwambia mkeka umekwenda na mwenyekiti.

Mvua zilipokatika, ndugu wale wakashuka kila mmoja kwa njia yake. Semboja anasema kosa la Mgaza, Mgaza anasema kosa la Semboja. Ndiyo maana hata leo mhanga humkuti na nduguye. Kila mmoja huchimba shimo lake, hulala peke yake, na akisikia mwenzake anapita hubana pumzi mpaka apite.

Na fundisho lake ni hili: ukimnyima mrithi hisa kwa kisingizio kwamba marehemu yungali mwenye hisa, basi siku ya kazi umwite marehemu. Maiti hupiga kura utakavyo, lakini jembe hashiki.

Naona kuna waliocheka na kuna walioinama. Walioinama waende kwao asubuhi wakatazame ukutani, alama ya nani bado ipo na mjane wa nani amelala kwenye mawe. Masika hayako mbali.

Ngano yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu gawaneni, na katika kugawana msiniletee ugomvi. Ikiwa chungu, nirudishieni nikalale nayo.