Liwali Aliyetaka Watu Waugue kwa Tarehe

Palikuwa na Liwali mmoja, jina lake Ghalibu, aliyetaka watu wa jimbo lake waugue kwa tarehe. Ndiyo, kwa tarehe. Msicheke kwanza.

Ilikuwa hivi. Sultani alitoa sheria ya bima ya afya kwa nchi nzima: kila raia apewe kadi, na kila mwenye kadi atibiwe. Kisha akaongeza kwamba kila jimbo litajitungia kanuni zake. Hapo ndipo alipoharibu. Liwali Ghalibu hakuthubutu kuipinga sheria, shingo yake aliipenda mno. Akawaita wajumbe kumi na wawili wa Baraza la Jimbo, watu wazima na ndevu zao, ambao kazi yao ilikuwa kuitikia. Wakakaa siku tatu, wakala mbuzi wanne, wakatoka na kanuni moja: ugonjwa ulioanza kabla ya sheria hautibiwi. Hata mikono hawajanawa, wakapitisha ya pili: kanuni ya kwanza haiwahusu wajumbe.

Sasa mjini hapo aliishi Bi Mashavu, mjane, mshona kofia, mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Daktari akamwambia ni mtoto wa jicho, hutolewa asubuhi, jioni mtu yuko kwake. Bi Mashavu alifurahi hadi akalia. Miezi mingi alikuwa akitunga uzi kwa kupapasa, na kofia yake ya mwisho ilirudishwa, mteja akilalamika kwamba maua yake yamegombana. Bila kushona, hapati chakula. Lakini karani wa bima alimuuliza swali moja tu.

"Macho yalianza lini?"

"Mwaka juzi."

Sheria ilikuwa ya mwaka jana. Karani akagonga muhuri: wa zamani.

Bi Mashavu alirudi nyumbani amefura. Hakulia tena. Akangoja siku ambayo Waziri wa Sultani alikuja kukagua jinsi sheria inavyokwenda, akajifunga buibui lake, akapapasa njia mpaka barazani.

"Shikamoo, Bwana Liwali."

"Marahaba. Shida gani?"

"Macho, bwana. Yalianza mwaka juzi."

"Basi ni ya zamani. Sheria mpya, ugonjwa mpya. Mwingine!"

"Sasa nikitaka kutibiwa nifanyeje?"

"Ugua kingine."

Wajumbe wakacheka wote kumi na wawili. Bi Mashavu akangoja wamalize.

"Nitajitahidi, bwana. Na miguu ya jirani yangu Mzee Kombo?"

"Ya zamani."

"Kifua cha mwadhini?"

"Cha zamani."

"Na busha la muuza kahawa?"

"Lile? Lile lilinitangulia mimi kwenye jimbo hili!"

"Salale!" Bi Mashavu akageuza uso upande alikosikia Waziri akikohoa. "Bwana Waziri, umesikia mwenyewe. Jimbo zima tulikuwa hoi kabla ya sheria, wagonjwa watupu."

Waziri akaweka kikombe chini. "Jimbo zima? Liwali, miaka kumi Sultani anakuletea dawa kila mwezi. Zilikwenda wapi?"

Jasho likamtoka Liwali. "Uzushi, Bwana Waziri! Dawa ziligawiwa zote, watu wakapona wote. Kabla ya sheria hii hapakuwa na mgonjwa hata mmoja hapa. Hata wa mafua! Naapa mbele ya baraza!"

"Hata wa mafua!" wakaitikia wajumbe.

"Hata mimi, bwana?" akauliza Bi Mashavu kwa upole.

"Hata wewe! Ulikuwa buheri wa afya!"

"Na macho yangu?"

"Yalikuwa yanaona mpaka kisiwa cha pili!"

Karani wa baraza, aliyezoea kuandika kila alisemalo Liwali, akaandika na hilo.

"Ahsante, bwana," akasema Bi Mashavu. "Basi ama nilikuwa mzima kabla ya sheria, niandikiwe matibabu leo hii, ama nilikuwa mgonjwa, na Bwana Waziri akafungue ghala lako aone dawa za miaka kumi zilikokwenda. Tazama wewe lililo bora, bwana. Mimi macho yangu hayaoni vizuri."