Koti Kwenye Msumari wa Kushoto

Kila aliyetembea pekupeku anaijua adha ya kujikwaa. Kidole hupiga jiwe, machozi hulenga, mtu akarukaruka kwa mguu mmoja huku akilitukana jiwe lisilo na makosa. Baada ya siku chache kidole hupona, na mwenyewe hakumbuki tena jiwe lilikuwa wapi. Wahenga walilitazama jambo hilo, wakalilinganisha na neno linalomponyoka mtu kinywani, wakasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Fundi Rula aliifahamu methali hiyo tangu utotoni, na wala haikumsaidia kitu.

Jina la Rula alipewa na mtaa kwa sababu hakuliamini jicho, liwe lake au la mtu mwingine. Wenye masihara walidai kwamba hata chumvi ya mboga aliitia baada ya kuipima kwa utepe. Alishona suti za wanaume katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na imani yake kuu ilikuwa kwamba mshono mzuri ni ule usioonekana. Pindo likionekana, alilifumua na kuanza upya, hata kama mteja alikuwa amesimama mlangoni akihema.

Katika chumba hichohicho, upande wa dirishani, alifanya kazi binti yake. Watu walimwita Kipini kwa sababu ya kipini cha waya wa shaba alichojitengenezea mwenyewe na kukivaa puani. Imani yake ilikuwa kinyume kabisa na ya baba. Alinunua makoti ya mtumba, mapana kama mapazia, akayakata mikono, akaitoa mishono nje kwa uzi mwekundu na kuyapanga meno ya zipu kwenye kola. Vifungo vilivyopotelewa na wenzao alivitunga mikufu. Funguo zisizo na kufuli zilikuwa hereni, na vijiko vilivyopinda alivikunja vikawa pete. Vijana wenye nywele za kila namna walikuja kumtafuta. Fundi Rula alizoea kuinua vazi mojawapo kwa ncha za vidole na kusema kuwa panya wamepita hapa, naye Kipini akimjibu bila kuinua kichwa kwamba panya hao wana foleni mlangoni, Baba. Wakacheka wote wawili. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, na yalikuwa maisha matamu.

Tena hawakuwa na mwingine. Kipini hakuwa damu ya fundi. Alikuja na mama yake, meno ya utoto bado yamo kinywani, ameshikilia gauni la mama kama aliyeambiwa ataachwa. Siku alipomwita fundi "Baba" kwa mara ya kwanza, fundi aliukata mguu wa suruali ya mteja ukawa kaptura, na hakujuta. Baadaye mama alifariki, wakabaki wawili. Neno "kambo" halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile.

Ukutani palikuwa na misumari miwili. Wa kulia ulikuwa wa nguo za wateja wa fundi, wa kushoto ulikuwa wa mitumba ya Kipini. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya chumba, na hakuna aliyewahi kuivunja hadi siku ya koti la Wakili.

Wakili alikuwa mteja wa miaka mingi, mtu wa kujisikia. Koti lake la kijivu aliwaambia watu kuwa lilinunuliwa jipya dukani, ingawa mtaa mzima ulijua alilipigania kwenye rundo la mtumba kama watu wengine. Alilileta lipunguzwe kiunoni. Fundi alipolipokea, alikuwa na pini mdomoni na msumari wa kulia ulikuwa umejaa. Akalitundika kushoto kwa dakika moja tu. Ile dakika moja ikasahauliwa.

Wakili aliporudi alilikuta koti lake halina mikono. Kolani palikuwa na meno ya zipu, na kutoka mfuko mmoja hadi mwingine ulining'inia mkufu wa vifungo. Kwa kweli lilikuwa limependeza, lakini si kwa mtu wa kwenda mahakamani. Wakili aliuliza, kwa sauti ya chini ya kutisha, kama huo ndio ufundi aliousifia kwa marafiki zake. Kipini alipigwa na butwaa. Aliomba radhi, akaeleza kuwa alilikuta kwenye msumari wake, akaahidi kutafuta kitambaa cha kufanana na kulirudisha lilivyokuwa.

Fundi Rula hakuwa mtu wa hasira. Ila hakuna kilichomuuma kama kuaibishwa mbele ya mteja, na aibu hiyo ilimpanda kichwani kama pombe.

"Hutaweza," alisema. "Mtumba ni mtumba. Uupambe, uupende, ukae nao miaka nenda rudi, bado ulikatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Hauwi wako."

Wakili, aliyekuwa akijua kama wengine jinsi Kipini alivyoingia katika nyumba ile, akageuza uso kutazama barabara. Kipini alishusha mkasi mezani polepole.

"Unasema koti, Baba?"

Jibu lilikuwa fupi, la silabi mbili, nalo lilikuwa kweli. Ndiyo. Koti. Fundi alilihisi limefika kwenye meno. Lakini Wakili alikuwa amesimama pale, na fundi aliona kuwa kujieleza ni kujidhalilisha mara ya pili. Akainua kidevu.

"Nimesema nilichosema."

Asubuhi iliyofuata Kipini alitia koleo lake, waya na vifungo katika kopo la maziwa, akamsalimu fundi kwa adabu, akaondoka.

Mwanzoni fundi alijipa moyo. Mtoto hununa, mtoto hurudi, ndivyo alivyojiambia. Akaendelea kupima, kukata na kupiga pasi. Lakini nyumba ilimpwaya. Alizoea kusema jambo bila kuinua macho na kujibiwa. Sasa alisema, na cherehani ikamjibu. Macho yake hayakuona tena tundu la sindano, na kutunga uzi ilikuwa kazi ya Kipini, akawa anasimama mlangoni kumngoja yeyote mwenye macho mema apite amsaidie. Alipika mboga ya watu wawili kwa mazoea, akala ya mmoja, akamwaga iliyobaki. Alikuwa mpweke, na hakuona haya kukiri hivyo, maana hapakuwa na wa kumsikia. Alichokitamani hakikuwa kikubwa. Alitaka aitwe Baba.

Habari za Kipini alizipata kwa Mama Robota, mwanamke wa mitumba aliyemuuzia Kipini makoti. Ndiye aliyemweleza kuwa binti amepanga kibanda nyuma ya soko na kazi yake inakwenda vizuri. Fundi alimlalamikia kwamba yeye alikuwa akisema koti tu, na watu wanalikuza jambo. Mama Robota alimtazama kama anayekagua nguo yenye doa.

"Wewe si bingwa wa kufumua, Fundi? Basi lifumue na hilo neno tuone."

Siku moja alipokuwa akitundika suruali ya mteja, msumari wa kulia ulikuwa umejaa. Mkono wake ukaenda wenyewe kushoto. Hapo akakumbuka pini mdomoni, akalikumbuka koti la kijivu, akajua ni yeye mwenyewe aliyelitundika. Akakaa kitako sakafuni na suruali ya watu mapajani. Aliufunga mlango wa duka mchana kweupe, akashika njia ya sokoni.

Kibanda cha Kipini kilikuwa chembamba, kimejaa. Hereni zilitundikwa kwenye chandarua cha zamani, na makoti yenye mishono ya nje yalipangwa kwa rangi. Kipini aliinuka, akampa shikamoo, akampangusia kiti, akamletea maji. Fundi alianza na habari za jua, kisha akaungama habari ya msumari. Alisema yote, hakujiachia hata pindo la kujifichia. Kipini alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo.

"Siku ile nilikuwa nasema koti," fundi akasema.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua palepale. Niliuona ulimi wako ukiteleza. Ndiyo maana nikakuuliza, ili upate pa kushika."

"Nisamehe, mwanangu. Rudi nyumbani."

"Nimekusamehe siku nyingi." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha fundi. "Ukiugua niite, nitakuja mbio. Lakini mle ndani sasa nitakaa kama mgeni, nikipima kila neno. Wewe ndiye hodari wa kupima. Mimi sikuzoea."

Kabla fundi hajajibu, aliingia mteja, msichana mwenye pete ya kijiko, amekuja kuchukua koti lake. Alimsalimu mzee, akamgeukia Kipini na kumuuliza kwa uchangamfu, "Huyu mzee ni nani kwako?"

Fundi Rula alikiweka kikombe chini. Kipini alikuwa akilikunja koti, na mikono yake ikasita kidogo juu ya kola.

"Ni fundi wangu," akasema. "Ndiye aliyenifundisha kushona."

Alilisema kwa heshima, hata kwa upendo, na hapakuwa na uongo ndani yake. Fundi alingoja kidogo, labda lilikuwapo neno jingine nyuma ya hilo. Halikuja. Akaaga, akatoka, na pale mlangoni mguu wake ukapiga kizingiti hadi ukucha ukang'oka. Mteja alimwita, akimwambia anatoka damu. Fundi Rula aliendelea kutembea, wala hakusikia maumivu ya mguu, kwa maana heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.