Kigae cha Namkunda

Mwanamke mmoja alikuwa na kigae cha chungu kilichovunjika, na kila mwaka alikwenda nacho mkutanoni kuchukulia moto. Jina lake Namkunda. Alikuwa mmoja wa watu waliojitolea, bila ujira, kuwauguza wasiojiweza ambao ndugu zao wamewakimbia. Yeye alimtunza Mzee Elinami, aliyepooza upande mmoja. Si baba yake, si mjomba wake. Alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani, na shukrani aliyoipata kwa majirani ni kuulizwa anavizia shamba la nani.

Watu hao walikuwa na desturi yao. Mara moja kwa mwaka walikutana, wakamwalika mtu aseme nao. Huyo msemaji ndiye aliyewasha moto katikati ya mkutano, kisha akasema huku kuni zikiwaka. Kuni zikishakuwa makaa, anakoma, na kila mmoja anachota ya kwake kwenye kigae, akawashe jiko la kumchemshia mgonjwa wake maji. Msemaji akikoma mapema mno, makaa hayapo. Akizidisha, ni majivu. Na msiniambie kwamba kiberiti kipo dukani! Nasema moto mwingine, nanyi mnaujua.

Mwaka uliotangulia, aliyeuwasha alikuwa mwalimu mmoja, msomi hasa. Alifika siku moja kabla, akapita nyumba kwa nyumba, akabeba maji pamoja nao, akauliza majina ya wagonjwa. Aliposimama, alisema habari zao wenyewe, mpaka wakajiona kumbe si wapumbavu kama walivyoambiwa. Namkunda alirudi na kigae kinawaka, na moto ule ukamfaa kwa muda mrefu.

Sasa ulikuwa umekwisha. Alikuwa amechoka mwili na roho. Asubuhi ya mkutano, alipokuwa akimfunika mzee, alisema moyoni: nikipata moto nitaendelea; nisipoupata, basi, na waje ndugu zake.

Safari hii wakubwa wa kikundi walikuwa wamesema, "Tutafute mtu mwenye jina, mkutano wetu nao upate heshima." Wakamwalika Bwana Kibacha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema, wakamngoja mpaka jua likapita utosini. Alipofika akavishwa shada, akatambulishwa, na aliofuatana nao wakatambulishwa mmoja mmoja, hata dereva. Ndipo akauwasha moto, na hakuutazama tena.

Akasema. Lo, alisema! Alisema alikozaliwa, alikosoma, nchi alizotembelea, wakubwa aliokula nao meza moja. Alisema kwamba hata yeye ana moyo wa kusaidia, ila nafasi tu ndiyo hana. Akawaita mashujaa, na hakumjua hata mmoja wao kwa jina. Kwao ilikuwa utovu wa adabu kugusa moto wakati mgeni anasema, kwa hiyo hakuna aliyesogeza hata ukuni mmoja. Adabu gani hiyo? Moto unakufa mbele ya macho yao, nao wanapiga makofi.

Namkunda hakuwa akisikiliza tena. Aliyatazama makaa yakififia na kufunikwa na majivu. Akamfikiria mzee aliyelala peke yake kutwa nzima, ili yeye aje kusikia habari za shule aliyosoma Bwana Kibacha. Hasira ikampanda. Akainuka, akapita mbele za watu, akakifudikiza kigae chake miguuni pa mgeni.

"Bwana mkubwa," alisema, "nimemwacha mtu kitandani nije kuchukua moto, nawe umeuota peke yako."

Wakamzomea. Naam, yeye ndiye aliyezomewa! "Mama, kaa chini, unatuaibisha." Bwana Kibacha alitabasamu, akaendelea, na mwishowe akapewa mbuzi. Wenzake Namkunda walipochutama kuchota, walichota majivu. Wakayafunika vizuri yasipeperuke, wakaambiana njiani kwamba mgeni wa mwaka huu amesema vizuri sana.

Mzee Elinami alimsikia Namkunda mlangoni. "Moto umeupata, mwanangu?"

Alimwogesha kwa maji ya baridi, na mzee akatetemeka, asilalamike. Kisha akamfunika, akaweka kikombe mahali ambapo mkono wake mzima ungefika, akatoka. Hakurudi tena.

Mlaumuni Namkunda, kama mnathubutu. Lakini wewe uliyealikwa kesho kusimama mbele ya watu waliochoka, na umeshaanza kuziandika sifa zako: Mzee Elinami bado yuko pale kitandani, na maji yake utayachemsha wewe?