Mchezaji wa Pointi Moja

Wapendwa, leo nawapeleka uwanjani, na atakayesinzia shauri yake.

Palikuwa na kijana mmoja aliyekatwa mguu utotoni. Mtaani kwao watu walimuuliza mama yake, tena mbele yake, "Na huyu naye atakuwa wa kazi gani?" Neno hilo lilimchoma. Akaanza kucheza mpira wa kikapu kwenye kiti cha magurudumu, akajifua mpaka viganja vikaota sugu, mwishowe akaitwa timu ya taifa. Miaka kumi akapanda ndege, akacheza nchi za watu, jina lake likashangiliwa.

Sasa sikieni utaratibu wa mchezo wenyewe. Kila mchezaji hupewa pointi kwa kadiri mwili wake unavyoweza. Mwenye nguvu hupewa nyingi, aliyeumia sana hupewa chache, na watano walio uwanjani wakijumlishwa hawaruhusiwi kuzidi kumi na nne. Kijana wetu alikuwa na nne. Wenzake wanne walikuwa na tatu kila mmoja, mwingine mbili. Wa saba alikuwa mzee mwenye pointi moja, fundi aliyeanguka kutoka paani akavunjika mgongo. Huyo hata kuinama hawezi, hufungwa mkanda kifuani asidondoke. Kazi yake ilikuwa kuweka kiti chake mbele ya mpinzani na kung'ang'ania hapo ili kijana apite akafunge. Makofi yote yalikwenda kwa kijana.

Wakafika fainali ugenini, hao hao saba. Ndiyo mechi aliyoililia kijana miaka yote. Siku moja kabla, mazoezini, mzee akachelewa kufika mahali pake na mpira ukapotea. Kijana akafoka mbele ya wote.

"Hivi mzee, wewe hapa ni wa kazi gani?"

"Nakufungulia njia, mwanangu."

"Njia gani? Vikapu natia mimi! Tunakuzungusha duniani bure."

Jamani! Neno lile lile alilotupiwa yeye, leo analitupa kwa mwenzake, naye amekaa kwenye kiti kama chake. Kulipokucha mzee akamwambia kocha, "Leo niacheni. Nimechoka kuwa mzigo." Akabembelezwa, akakataa. Majina yakapelekwa kwa waamuzi bila lake.

Kijana alikuwa ameshavaa jezi kocha alipomjia. "Wewe utakaa benchi."

"Mimi? Kwa kosa gani?"

"Jumlisha mwenyewe. Nne yako, tatu, tatu, tatu, na mbili."

Kijana akahesabu kwa vidole. Kumi na tano. Akarudia, ikawa ile ile.

"Bila wewe ni kumi na nne," kocha akasema. "Siku zote umekuwa ukiingia uwanjani kwa mgongo wa yule mzee."

"Nikamwombe radhi aje?"

"Kamwombe radhi. Lakini majina yameshapita."

Akakaa benchi, mzima, mikono yake yote miwili mapajani, akaitazama timu yake ikifungwa mpaka filimbi ya mwisho. Alilia, wapendwa.

Haya, na sisi je? Yule bibi wa kwaya tulimwambia apumzike, eti sauti inatetemeka. Yule ndugu mwenye kifafa tulimsogeza nyuma, tukamsogeza tena, mpaka akaacha kuja. Halafu tunafunga na kuomba, tunauliza mbona Mungu hatutumii! Atutumieje? Alipokupa nguvu wewe, alikupanga pamoja na mnyonge, nawe umemfukuza. Nani alikudanganya kwamba nguvu zako peke yake zinakutosha kuingia?

Na mimi mchungaji wenu niliyaona hayo, nikanyamaza. Kwa hiyo leo tukimaliza ibada sitasimama pale mlangoni kupeana mikono na mtu. Nakwenda kwa yule bibi kupiga magoti. Anayekujua kwa yule ndugu, tafadhali anisubiri nje, anipeleke.