Chumba Kilichomlaza Bi Mize

Hapo zamani, si zamani sana, maana wapo mpaka leo wanaoikumbuka nyumba ya kisa hiki na mlango wake wa buluu, alikuwepo mwanamke jina lake Mwanakheri. Kazi yake ilikuwa kupamba vyumba vya kulala. Nani alimfundisha? Hakuna. Mama yake alikuwa mchoma maandazi na baba yake mchimba visima. Ujuzi ulimjia wenyewe, na ulipitia mlango gani hata yeye hakuujua.

Mafundi wengine huingia chumbani na kipimo. Mwanakheri aliingia na karafuu mdomoni. Alikaa kizingitini, akatafuna, akatazama, akanyamaza. Kisha husema, "Kabati hili limenuna, litoeni." Kabati likitolewa, hutazama tena. "Pazia hili lina kelele. Leteni jeupe." Ukimwuliza kwa nini, jibu lake lilikuwa moja tu: "Sijui, lakini ndivyo." Watu walimcheka, hawakuacha kumcheka, ila kila penye harusi aliitwa yeye. Chumba alichokigusa Mwanakheri, mtu alikuwa akiingia anashusha sauti kabla hajaambiwa.

Sasa nisikilizeni. Huyu aliyepamba vyumba vya mji mzima, chumba chake mwenyewe hakuwa nacho. Alikaa kwa kaka yake, akilala stoo, kati ya gunia la mkaa na gunia la nazi. Alijaribu kuipamba hiyo stoo. Alitundika kanga ukutani, akaweka asumini kwenye kikopo juu ya debe. Kesho yake wifi yake akaingiza gunia la tatu.

"Usinikasirikie, wifi," akamwambia. "Stoo ni stoo."

Mwanakheri akaishusha kanga yake akaikung'uta, maana ilikwisha kuwa nyeusi.

Katika mji huo huo alikuwepo Bi Mize, mjane wa Mzee Faki. Mzee Faki alipofariki, Bi Mize akakaa eda, na muda wote wa eda hakuna aliyethubutu kusogeza kitu chumbani mwake. Kitanda kilibaki pale pale, na kikoi cha marehemu kikabaki msumarini nyuma ya mlango. Eda ikaisha. Mgeni akaja, mgeni akaenda, lakini usingizi wa Bi Mize haukurudi. Mchana alisinzia na tasbihi mkononi, na akipanda kitandani macho yanakauka. Alipewa vidonge, akameza. Akachemshiwa mchaichai, akanywa. Akaandikiwa kombe, aya zikaoshwa kwa maji, akanywa na hilo. Wapi!

Siku moja, mbele ya wanawake wenzake waliokuja kumjulia hali, akasema, "Mimi nimechoka. Atakayekitengeneza chumba changu nikalala usiku kucha, chumba kile cha uani ni chake, akae mpaka Mungu amchukue."

Chumba cha uani kilikuwa na mlango wake, dirisha lake na kufuli lake. Habari zilipomfikia Mwanakheri, moyo ulimruka. Hakutaka sifa, sifa alikuwa nazo za kutosha. Alitaka mlango anaoweza kuufunga, nyuma yake kanga ikae ukutani mpaka ichoke yenyewe.

Akaenda. Akakaa kizingitini kwa Bi Mize, akatafuna karafuu, akatazama. Chumba kikanyamaza. Akabadili pazia, chumba kimenyamaza. Akatoa sanduku, akalirudisha, akalitoa tena, chumba kimenyamaza. Tangu azaliwe hakuwahi kuona chumba kisichomwambia neno. Akaanza kujiuliza kama ule ujuzi uliokuja bila kubisha hodi ndio umeondoka bila kuaga. Halafu, akiwa hata hafikiri, mdomo wake ukasema:

"Kitanda kihamie ukuta wa pili."

"Kwa nini, mwanangu?" akauliza Bi Mize.

"Sijui, Bibi, lakini ndivyo. Na kikoi kile kitoke."

"Na kikoi?"

"Kitoke, kitiwe sandukuni."

Bi Mize akageuza uso ukutani. "Haya," akasema.

Kazi ya kukitoa kikoi akapewa Nunu. Huyu alikuwa mke wa mjukuu wake Bi Mize, akija kila asubuhi kumpikia na jioni akirudi kwa wakwe zake. Kwa utani wa bibi na mjukuu, Bi Mize alimwita mke mwenza. Nunu akakichukua kikoi, akatoka nacho.

Kitanda nacho kilikuwa cha mti mzito, cha kamba, kisichosogea mpaka kifunguliwe. Akaitwa jirani, Fundi Kombo seremala. Kombo akaking'oa matendegu, akachungulia chini, akaguna. Akaomba kamba mpya, akakiwamba upya mpaka ukizigusa kamba zinalia, akakiunganisha kwenye ukuta wa pili, akaenda zake. Hakuulizwa kitu, naye hakueleza.

Kulipokucha Nunu akaja kupika uji akaukuta mlango umefungwa. Akaita, "Bibi!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Jua limeshapanda, na Bi Mize hakuwa mtu wa kupitwa na alfajiri. Nunu akaangua kilio, majirani wakajaa uani, na mmoja akaanza kuulizia sanda ilipowekwa. Kombo akasukuma mlango kwa bega. Wakamkuta Bi Mize chali, anakoroma.

Akafumbua macho. "Mnataka nini chumbani kwangu?"

Alasiri ile ile akamwita Mwanakheri, majirani wakiwepo, Nunu akimimina kahawa. Bi Mize akafungua pindo la kanga yake, akatoa ufunguo wa chumba cha uani, akaunyoosha. Mwanakheri naye akanyoosha mkono. Hapo Kombo akakohoa.

"Bibi, niwie radhi," akasema. "Ufunguo huo una mwenyewe, na si huyo. Mzee Faki, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzito. Upande wake kamba zilikuwa zimelegea zikafanya bonde. Alipokuwepo, bonde alilijaza yeye. Alipoondoka, kila ukisinzia ulikuwa ukiporomokea huko, mwili unashtuka, unaamka. Watu wamekupa vidonge na makombe, hakuna aliyechungulia chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama. Banda langu linavuja na mbao zangu zinaoza. Kama kuna mtu amekulaza, ni mimi."

Mwanakheri akahisi ufunguo unamponyoka kabla hajaushika. "Na nani alikufanya uiname?" akauliza. "Nisingesema kitanda kihame, ungeziona wapi hizo kamba?"

"Lakini wewe ulijua zimelegea?"

Mwanakheri akaurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha.

Basi Nunu akaliweka dele la kahawa chini. "Bibi, nisamehe," akasema. "Kikoi sikukitia sandukuni. Niliona ulivyogeuza uso, nikashindwa. Nilikikunja nikakitia ndani ya foronya ya mto wako, upande wa shavu."

Bi Mize akainuka pole pole, akaingia chumbani, akarudi na mto amekumbatia. Akaunusa. Akalia mbele ya watu wote, na hakuona haya.

"Sikufanya kwa kutaka kitu," Nunu akaendelea. "Lakini kama ufunguo unatafutiwa mwenyewe, nami niseme. Nina mimba, na mimi na mume wangu tunalala sebuleni kwa mama mkwe, nyuma ya pazia. Bibi hakulazwa na kamba wala na ukuta. Amelazwa na harufu ya mumewe."

"Kikoi hicho kilikuwepo humo siku zote na hakulala," akasema Mwanakheri. "Mimi ndiye niliyekiondoa msumarini. Kingebaki pale, kingefikaje kwenye mto?"

"Ni kweli, dada," Nunu akamjibu taratibu. "Lakini uliamuru kitoke, hukuamuru kiende shavuni. Ningekutii, sasa hivi kingekuwa sandukuni na dawa ya nondo."

Mwanakheri akajiuliza. Alikuwa amekosea au amepatia? Kama amekosea, mbona bibi amelala? Na kama amepatia, mbona aliyelaza ni aliyemwasi?

"Tujaribu," akasema Kombo. "Dawa hujulikana kwa kuiondoa."

Wakajaribu. Wakakitoa kikoi, na asubuhi Bi Mize akaamka macho mekundu. "Mmeona," akasema Nunu. Lakini Bi Mize akatikisa kichwa. "Sina hakika, mke mwenzangu. Ile siku niliyolala sikujua kuwa kipo. Jana nilijua kuwa hakipo, nikakesha naye Mzee Faki mawazoni mpaka kukakucha."

Wakakirudisha kikoi, wakazilegeza kamba. Bi Mize hakulala. "Mmeona," akasema Kombo. "Nimeona nini," akasema Bi Mize, "na mimi nilikuwa nimejikaza kama ubao, nangojea kuporomoka?"

Wakazikaza kamba, wakakirudisha kitanda kwenye ukuta wa zamani. Hapo Bi Mize akalala, akaamka, akalala tena. Je, huko ni kulala usiku kucha au siko? Majirani wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho wakarudisha kila kitu kilivyokuwa siku ile ya kwanza, na Bi Mize akalala akakoroma, wala hakuna aliyejua zaidi ya alivyojua mwanzo.

Mwanakheri alirudi stoo kwa kaka yake akakaa juu ya gunia la nazi. Alilipitia jambo lile kutoka mbele, akalipitia kutoka nyuma. Mara alijiona mwenye haki, mara alijiona mwizi. Mara akawaza kuwa labda si yeye, si Kombo wala Nunu, labda usingizi wenyewe ulikuwa umeshachoka kutembea, ukawakuta wao wako mlangoni. Akaogopa kulisema hilo, maana ukilisema unakipoteza chumba kwa wote.

Siku ya hukumu Bi Mize akawakalisha watatu hao mbele yake.

"Mwanakheri, mwanangu," akasema, "nikuulize moja. Kwa nini ulikihamisha kitanda? Kama jicho lako liliona shuka limebonyea, kama mkono wako ulipita ukasikia kamba zimelegea, sema tu. Ufunguo ni wako, na hawa hawatanung'unika."

Kombo akaitikia kwa kichwa. Nunu naye akaitikia, ijapokuwa machozi yalimlengalenga.

Neno moja tu. Niliona. Nani angembishia? Mwanakheri akaziona ukutani kanga zake zote alizowahi kuwa nazo, safi, na mlango umefungwa. Akatafuta ndani ya nafsi yake kama kweli aliona. Labda aliona. Alikaa kizingitini kwa muda mrefu, na shuka lilikuwa mbele yake. Akatafuta, akatafuta, na kila alipodhani amepashika, pakateleza.

"Bibi," akasema, "nikisema niliona, nitakuwa mwongo. Nikisema sikuona, pengine pia nitakuwa mwongo. Macho yangu hayana desturi ya kuniambia yaliyoona."

Bi Mize akautazama ufunguo kiganjani mwake, akamtazama kila mmoja, kisha akauweka juu ya sinia la kahawa, katikati ya vikombe.

"Nilipokuwa sipati usingizi nilijua kila kitu," akasema. "Leo nimelala vizuri na sijui la kufanya."

Haya, nyinyi mliokaa hapa, msinitazame mimi. Ufunguo uko kwenye sinia, na chumba cha uani ni kimoja, hakigawanyiki. Mmoja alianzisha mambo yote bila kujua anachokifanya, na alipoweza kusema uongo akakataa. Mmoja alijua, akafanya, akanyamaza mpaka alipouona ufunguo. Mmoja aliasi amri kwa huruma, na ndani ya tumbo lake yuko wa kuja kulala. Je, nani alistahili kuinuka na kuuchukua? Na wewe uliyekwisha kumchagua tangu nilipokuwa bado nasimulia, hebu tuambie, umejuaje?