Kidole cha Mzee Kihwele

Mzee Kihwele, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote Mafinga, aliingia gereji kwa fundi Semeni kutaka kununua pikapu ya fundi huyo.

"Nakupa mbuzi."

"Nataka ng'ombe wa maziwa, mzee. Injini ina kompresheni, bado inasukuma hewa kwa nguvu."

"Nitapima mwenyewe. Nikiziba tundu la plagi kwa kidole gumba, kikasukumwa nje, chukua ng'ombe. Kisiposukumwa, gari ni langu bure."

Semeni akafungua plagi zote nne, matundu yakabaki wazi. "Haya, ziba hapa. Ila kuna mteja kidole kilimnasia humo. Siku tatu mkewe alikuwa akija kumlisha ugali, naye kainamia injini."

Mzee akakitazama kidole chake kinene. "Tia oili kwanza, kiteleze!"

"Hapana, mzee, oili itaharibu kipimo."

"Ahaa, unaogopa! Mimina kwenye matundu yote!"

Semeni akamimina huku analalamika, kisha akapiga starta. Kidole kikafyatuka, kikampiga mwenyewe puani. Kila tundu hivyo hivyo. Mzee akamtoa ng'ombe, Semeni akarudisha plagi, pikapu ikaondoka.

Kwenye kona ya tatu ikafuka moshi wa buluu, ikakohoa, ikazimika kabisa. Mzee akarudi kwa miguu, pua imevimba, akamkuta Semeni anamkamua yule ng'ombe.

"Kompresheni iko wapi?"

"Imeungua pamoja na oili, mzee. Ringi za pistoni zimelika, oili ndiyo iliyokuwa inaziba hewa isivuje." Semeni hakuacha kukamua. "Si nilikwambia itaharibu kipimo?"