Bi Pimbi na Miche ya Gizani

Paukwa!

Pakawa!

Haya, nimewasikia. Wengine mmeitikia huku mnatafuna, lakini nimewasikia.

Hapo zamani za kale, mimi sikuwepo na nyinyi hamkuwepo, aliishi pimbi mmoja kwenye majabali. Asiyemjua pimbi nitamwambia: ni mnyama mdogo, mnene, mkia hana, na nyumba yake ni mwamba. Huyu tumwite Bi Pimbi. Alikuwa na mume, tai akamchukua malishoni. Alikuwa na wana, tai akawachukua malishoni, mmoja mmoja. Akabaki na binti mchanga, jina lake Chausiku.

Bi Pimbi akalia, akanyamaza. Kisha akasukuma jiwe kubwa mlangoni pa pango. Gulugulu, du. Akamwambia Chausiku, "Jua lisikuone. Anayeonwa na jua huonwa na tai."

Sasa, mtoto wa kufichwa naye anakula. Nyasi zilikuwa ng'ambo ya uwanda, na ng'ambo ndiko tai anakowinda. Kila siku Bi Pimbi alikwenda huko roho mkononi. Alijua kwamba siku asiporudi, Chausiku atakufa njaa nyuma ya jiwe.

Ndipo akakumbuka kibuyu cha mbegu za maboga alichoachiwa na mama yake. Akasema, "Nitalima mlangoni pangu. Majani nitachuma hapa hapa, ng'ambo siendi tena." Akakitikisa. Chaka, chaka. Mbegu hazikuwa nyingi, na nchi nzima ilikuwa imekauka. Hizo zikiisha, hakuna wa kumwomba nyingine.

Mara mvua ikadondoka. To, to, to. Bi Pimbi akatoka mbio, akamwaga mbegu, akazifukia juu juu. Kumbe mvua yenyewe ilikuwa mpita njia. Jua likarudi. Kanga wakaja na mawifi zao, para, para, para, wakafukua, wakala, wakaenda zao wameshiba.

Haraka haraka haina baraka. Mnalijua hilo tangu mnanyonya, na bado mnamwaga mbegu kwa tone la kwanza.

"Nje kubaya," akasema Bi Pimbi. "Mbegu zilizobaki nazo nitazificha." Akaokota vifuu, akavijaza udongo, akapanda, akanyunyiza maji, akavipanga ndani ya pango. Akarudisha jiwe. Gulugulu, du.

Mbegu zikaota. Chausiku alizipapasa gizani akasema, "Mama, zimetoka." Bi Pimbi akafurahi sana. Miche ikapanda, ikapanda, ikapanda. Siku aliyosogeza jiwe kidogo aione vizuri, furaha ikamwisha. Ilikuwa mirefu, myembamba, myeupe, yote imeinamia ufa wa mlango, pale mwanga ulipopenya kando ya jiwe. Chausiku naye alikuwa amekaa pembeni, mweupe, miguu laini, uso umeelekea ufa ule ule. Lakini Bi Pimbi aliitazama miche tu.

Juu ya mwamba alikuwapo jirani yake, Mjusi, anaota jua na kutikisa kichwa. Juu, chini. Juu, chini.

Bi Pimbi akamwita. "Jirani, miche hii inataka jua, au sivyo?"

Mjusi akatikisa kichwa.

"Nikiitoa yote sasa hivi, itapona?"

Mjusi akatikisa kichwa.

Lilikuwa jua la utosi. Bi Pimbi akaitoa yote, kifuu baada ya kifuu, akaipanga juu ya mwamba. Kabla hajajifuta jasho, miche ikalegea. Ikainama. Ikalala, ikawa kama mboga iliyosahaulika motoni.

"Umenidanganya, Mjusi. Ulikubali."

"Sikukubali kitu. Mimi hutikisa kichwa. Ungeniuliza kama nimekufa, ningetikisa vile vile."

"Mbona hukusema?"

"Uliuliza, ukajijibu, ukakimbia. Ningesema saa ngapi?"

Bi Pimbi akakaa chini. Akakitikisa kibuyu. Cha. Zilikuwa zimebaki mbegu za chini kabisa, zile ambazo huwa unazisahau. Mjusi akaona haya kidogo. Si sana, ni mjusi.

"Sasa nakuambia kwa mdomo," akasema. "Mimi nalala kwenye ufa, na jua nalipenda. Lakini asubuhi sitoki mzima mzima. Natoa pua. Jua likinizoea, natoa shingo. Kisha mgongo. Likichachamaa, narudi ndani. Kesho naongeza kidogo."

Bi Pimbi akapanda mbegu za mwisho kwenye vifuu. Safari hii akaliacha jiwe wazi. Zilipoota, akavisogeza vifuu mpaka kizingitini, kivulini. Kesho yake vikaonja jua la asubuhi, vikarudi. Kesho yake tena vikakaa zaidi, vikarudi. Miche ikawa mifupi, minene, ya kijani.

Na nyuma ya vifuu ikatokea pua ndogo.

"Chausiku, rudi ndani."

"Mama, miche inatoka. Mimi je?"

"Miche hailiwi na tai."

"Inaliwa na kanga, na bado unaitoa."

Bi Pimbi akainua kifuu kimoja. Akautazama mche, akamtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza akauona ule weupe wake. Akaogopa kuliko alivyowahi kumwogopa tai. Akasema, "Pua tu. Na macho yawe juu."

Ikawa hivyo. Vifuu vikitoka, Chausiku hutoka. Vikirudi, hurudi. Kesho shingo, kesho kutwa mgongo. Nyayo zake zikajifunza mwamba: hapa panateleza, hapa pana ufa, ufa huu ni mwembamba, huu unanitosha. Manyoya yakawa ya rangi ya udongo.

Mvua ya kweli ikaja. Ikanyesha, ikakaa. Mama na mwana wakaanza kuhamishia miche bustanini, mteremkoni chini ya mlango, Bi Pimbi akichimba, Chausiku akipakua. Alikuwa na kifuu mikononi, mbali na mlango, kivuli kilipopita juu ya udongo.

Vuuuu.

"Ndani, Chausiku! Ndani!"

Lakini mlango ulikuwa mbali. Angeukimbilia, hadithi ingeishia tumboni mwa tai. Chausiku hakuukimbilia. Alidondosha kifuu, akapiga hatua ambazo nyayo zake zilizijua, akaingia ule ufa unaomtosha. Kucha zikashuka, kwaa, zikabeba kifuu. Tai akaenda nacho mpaka kiotani, akawagawia wanawe udongo.

Bi Pimbi akamkumbatia mwanawe. Kisha akaenda mlangoni, akaliwekea jiwe mikono miwili. Chausiku akamtazama. Mjusi juu ya mwamba akatikisa kichwa.

Bi Pimbi akasukuma. Akalisukuma upande wa nje. Gulugulu, gulugulu, likashuka mpaka chini, du, likawa ukingo wa bustani. Mwaka ule maboga yalitambaa juu yake mpaka halikuonekana.

Tangu siku hiyo, pitieni majabalini asubuhi mtaona: pimbi hutoa pua, kisha shingo, kisha mgongo, wanaota jua wote, na mmoja wao macho yako juu.

Funzo lake ni hili: kulea si kuficha. Unayempenda usimtupe juani siku moja, wala usimfungie gizani siku zote. Mtoe kidogo kidogo, ukiwa karibu.

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini kwa Bi Pimbi. Mlioelewa semeni kwa mdomo. Vichwa vya kutikisika nimeviona vingi.